Kuhusu Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi: barua kwa mwanangu

Mwanangu Neema,

Juzi kwenye simu nilikukatisha kwa sababu maharage yalikuwa yanaungua. Uliniuliza: "Mama, kwenye Nagona kuna kitu nisichokiona, au Kezilahabi alitufanyia mzaha?"

Mzaha, hapana. Huyu bwana alishazoea kusemwa. Riwaya yake Rosa Mistika ilitoka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Sisi tuliisoma bwenini kwa tochi, tumeivika jalada la daftari la Hisabati. Kichomi, diwani yake ya mashairi huru ya 1974, ikamgombanisha na wazee wa vina na mizani. Hao angalau walijua wanapinga nini. Nagona ya 1990 ilitunyima sisi walimu hata pa kuanzia kupinga.

Nakala uliyo nayo niliinunua Dar, nikaisomea melini usiku, kutoka Mwanza kwenda Bukoba. Kitabu chembamba vile! Kunakucha nimekimaliza, ila sijui nimesoma nini. Nikafanya nilichozoea: nikachora jedwali kwenye ukurasa wa nyuma, fani huku, maudhui kule. Kwenye wahusika nikaandika "mimi", nikaandika "paa", kalamu ikasimama. Huyo paa anayetafutwa ni mnyama, ni binti, ni ukweli? Kila nilichojaza nilikifuta. Utaona karatasi ilivyochakaa kwa ufutio, karibu itoboke.

Mara ya pili sikushika kalamu. Nikausoma ule mji wa kimya wa kitabuni kama nilivyokuwa nikimsikiliza bibi yako akihadithia gizani. Fisi alisema, alioa, alikopa, na hakuna mtoto aliyeuliza fisi anawakilisha tabaka gani. Mwili ulinisisimka. Sisemi nilielewa.

Wale wanafalsafa wanaojitokeza humo, akina Socrates na Nietzsche, mpaka leo wananichosha. Naona pale msomi alimzidi nguvu msimulizi. Wapo watakaosema sijui kusoma, nami siwabishii.

Kwa hiyo kitu kipo, mama, lakini unakitafuta kwa macho ya mtihani, na macho hayo nilikupa mimi. Unisamehe. Rudia zile kurasa za mwanzo, usome kwa sauti, watoto wakishalala. Zikikuchosha tena, weka kitabu chini. Mzingile, riwaya yake iliyofuata, usiiguse kwanza.

Krismasi uje na nakala yangu. Baba yako haamini kwamba niliwahi kushindwa kujaza jedwali.

Mama yako