Kuanzisha podikasti ukiwa Mtwara au Lindi: anza na msikilizaji, maiki ifuate

Mleta mada yuko Masasi, ana simu janja na laki mbili mkononi. Anataka kuanzisha podikasti, yaani vipindi vya sauti vya mtandaoni. Anauliza anunue maiki gani, na afanyeje ili watu wasikilize kipindi cha kwanza kisha warudi cha pili. Mkuu, swali la pili ndilo zito, nalo ndilo linaamua hata hiyo maiki.

"Podikasti ya mambo ya Kusini" haina mwenyewe. Mtu hawezi kumwambia mwenzake inahusu nini, kwa hiyo haisambai. Ibane mpaka umwone msikilizaji. Mfano, mkulima wa korosho wa Tandahimba au Newala mwenye ekari chache, anayesimamia shamba mwenyewe. Huyo kalenda yake inajulikana: mikorosho ikianza kuchanua anahangaika na ubwiriunyoya (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) na salfa ya kuuzuia, Oktoba minada inaanza, na katikati kuna maswali ya madaraja ya korosho, makato na malipo kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Ukipanga vipindi kwa kufuata kalenda hiyo, kila kimoja kinamfikia wiki anayokihitaji. Kipindi cha ubwiriunyoya kikitoka Novemba ni kazi bure hata kama umerekodi kwa maiki ya milioni. Wataalamu wa kuhoji mnao karibu, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kiko hapo hapo Mtwara na korosho ndiyo kazi yao.

Kabla hujatangaza chochote, andika vichwa kumi vya vipindi. Ukikwama kwenye cha sita, mada ni nyembamba mno au huijui vizuri. Kisha rekodi vinne, uvihariri na uviweke akiba. Podikasti nyingi hufa kwa sababu mwenye nayo alitoa cha kwanza kwa shangwe, cha pili kikachelewa, cha tatu hakikuja. Akiba ya vinne inakubeba mwezi mzima hata umeme ukisumbua au mgeni akiahirisha. Chagua siku moja ya wiki na usiihame.

Sasa sauti. Kwa bajeti yako nunua maiki mbili za waya za kubana kwenye shati. Angalia pini: yenye mistari mitatu myeusi ni ya simu, yenye miwili ni ya kamera, na ukiichomeka kwenye simu mara nyingi simu haiitambui, inaendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani bila wewe kujua. Simu isiyo na tundu la duara inahitaji adapta ya Type-C inayopitisha maiki, maana zipo zinazopitisha hedifoni tu. Bana maiki sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, mbali na mkufu, ushungi au kola inayosugua. Mgeni naye awe na maiki yake kwenye simu ya pili. Pigeni kofi moja mwanzoni, utalitumia kulinganisha mafaili mawili wakati wa kuhariri. Weka simu zote hali ya ndege, rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), na kwenye kipimo cha programu ya kurekodi sauti za juu kabisa zicheze kati ya -12 na -6 dB. Ikigonga sifuri imepasuka, na hakuna programu itakayoirudisha ilivyokuwa.

Maiki za kondensa zinazouzwa na stendi kama za studio ziogope. Zinanasa kila kitu, na nyumba zetu zina bati, madirisha ya nyavu na bodaboda nje. Chumba kinasaidia kuliko maiki: egemeza godoro ukutani nyuma ya mzungumzaji, tandika mkeka na blanketi, shusha mapazia mazito, zima feni na friji. Rekodi asubuhi baada ya adhana ya alfajiri, jua halijapanda, kwa sababu bati likipata joto linatanuka na kugonga, na milio ile huwezi kuifuta. Kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua ikigonga bati hakuna kurekodi, kwa hiyo akiba ya miezi hiyo iandae mapema.

Kabla ya kuongea, acha sekunde 20 za ukimya wa chumba. Audacity, programu ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, ni ya bure na inatosha: chukua ukimya huo kama sampuli, punguza kelele kwa dB 6 mpaka 12 basi. Ukizidisha, mtu anasikika kama anaongea ndani ya mtungi. Kata masafa ya chini ya hezi 80 (mngurumo), halafu sawazisha ukubwa wa sauti ya kila mzungumzaji, faili lake peke yake, kwenye LUFS -19 (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani) kwa faili la mono, yaani la njia moja ya sauti. Hatua hii wengi wanairuka, ndiyo maana msikilizaji anapandisha sauti kwa mgeni na kuruka kwenye kiti mtangazaji akirudi.

Toa MP3 ya mono, kbps 64. Dakika 20 zinakuwa kama MB 10. Stereo ya kbps 128 ni mara mbili yake, na kwa maneno matupu sikio halipati faida yoyote. Bando la msikilizaji ni pesa yake, liheshimu. Pandisha kwenye Spotify for Creators, ni bure na itakupa kiungo cha RSS, anwani ambayo programu nyingine husomea vipindi vyako, cha kuipeleka Apple Podcasts na kwingine. Picha ya jalada iwe ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000, maandishi yasomeke hata ikiwa ndogo kama kucha.

Lakini wengi huku hawatakufuata huko. Watasikiliza kwenye WhatsApp, au kwenye redio ya memori wakiwa shambani au wakibangua. Kwa hiyo tuma MP3 hiyo hiyo kama faili la dokumenti kwenye makundi, usiirekodi upya kama ujumbe wa sauti. Wape nakala vijana wanaoingiza nyimbo kwenye memori pale stendi. Majina ya mafaili yaanze na namba, 01, 02, 03, yasije yakapangika ovyo. Na kwa kuwa redio ya memori haionyeshi kichwa wala picha, taja jina la podikasti na mada kwa mdomo.

Dakika ya kwanza ndiyo inayokula watu. Muziki sekunde tano, kisha sema moja kwa moja leo mtu ataondoka na nini: "Leo utajua dalili za kwanza za ubwiriunyoya, na kwa nini salfa ya jioni yenye upepo inapotea." Shikamoo na habari za nyumbani mpe mzee kwa ukamilifu wake, ni adabu, ila zifanyike kabla ya kurekodi. Akisema jambo kwa Kimakonde au Kimwera liache, kisha lirudie kwa Kiswahili. Muulize vipimo na saa, siyo "unawaambia nini wakulima", swali hilo huleta hotuba.

Nyimbo za Bongo Fleva usiweke bila ruhusa ya maandishi, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inakuhusu. Ukigusa habari na matukio, pitia Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 na marekebisho yake, uwaulize TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) kama unahitaji leseni.

Spotify itakuonyesha wasikilizaji wanaachia dakika ya ngapi. Wakiachia ya kwanza, utangulizi ni mrefu. Wakiachia katikati vipindi vitatu mfululizo, fupisha, mfano kutoka dakika 30 kwenda 20. Wa WhatsApp na memori hawahesabiki humo, kwa hiyo taja namba ya kupokea maswali ya sauti kila mwisho wa kipindi, na kijacho kianze kwa kujibu moja, ukitaja kijiji lilikotoka kama muulizaji ameridhia.