Kanzu kwa fremu tatu: weka hiyo kalamu chini kwanza

Simamisha hiyo mashine ya kutarizi! Umesema fremu yako, ile inayobana kitambaa, ni ya milimita 130 kwa 180, unataka nakshi ya sentimita 45 ishuke kifuani mwa kanzu kwa kufunga fremu mara tatu, na alama zote umeshazichora kwa kalamu ya kufutika kwa maji. Habari za uzi gani na umtoze mteja bei gani tutazifikia siku nyingine. Hapo kwenye kalamu ndipo nilipoilipa kanzu ya watu.

Ilikuwa ya kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya bwana harusi kutambulishwa ukweni, poplini nyeupe, uzi wa maruni. Kipande cha kwanza kilipendeza mpaka nikakipiga picha. Nikahamisha fremu, nikafuata alama zangu za kalamu, nikaenda zangu kunywa chai. Kurudi, banange! Cha pili kimepanda mgongoni mwa cha kwanza, tena kimeinama kushoto. Nikafumua. Mishono iliyobanana vile ukiifumua kwenye nyeupe inaacha matundu. Nilibaki na chujio la tui. Kanzu mpya nikanunua mimi, na hata pilau ya sherehe sikuionja.

Aliyenipoteza ni yule fundi wa Kampala aliyeniuzia mashine. "Pima kwa rula, chora, mashine ina akili." Akili ipi? Mashine itajuaje kwamba kitambaa kimenywea? Mshono mnene unakivuta kitambaa ndani, na kwenye ncha zake unakisukuma nje. Alama uliyochora kabla ya kushona haioani tena na nakshi iliyokwisha kushonwa. Pesa yangu alihesabu mara mbili, hilo hakukosea.

Alama ishonwe, isichorwe. Kwenye programu ya kompyuta unayopangia nakshi, mwisho wa kipande cha kwanza weka misalaba miwili, mmoja kushoto na mmoja kulia mwa nakshi, pale vipande vinapokutana. Iwe ya mishono mirefu, kama ya kupiga bandi, uje kuitoa baadaye. Ifanye rangi ya mwisho, yaani hatua ya mwisho kushonwa, ya kipande cha kwanza, na misalaba hiyohiyo iwe rangi ya kwanza ya cha pili. Ukishafunga fremu upya, usishone. Peleka sindano kwenye msalaba wa kwanza, ishushe kwa gurudumu la mkono mpaka ncha iguse katikati. Kisha nenda wa pili.

Wa pili ndio wengi wanauruka. Mmoja unakuonyesha mahali tu, haukuonyeshi kama umepinda, na kupinda digrii 1 kwenye urefu wa milimita 180 kunakuhamisha zaidi ya milimita 3. Kifuani mwa bwana harusi hiyo inaonekana kutoka getini.

Karatasi ya nyuma, ile ya kukiimarisha kitambaa, tumia ya kukatwa kwa mkasi, ndefu, ipite chini ya vipande vyote vitatu. Ile ya kuchana kwa mkono waachie wanaotarizi vitambaa vya jasho.

Msalaba wa pili ukikataa kukutana na sindano, zungusha nakshi kwenye skrini. Ukikataa tena, fungua fremu uanze upya, hata kama mteja yuko mlangoni anapiga honi ya boda.