Jibu: Binti hana vyeti, aonyeshe nini kwenye maombi ya ufadhili?

Shikamoo mama. Umesema binti yako kamaliza kidato cha sita hapo Moshi, fomu ya ufadhili inadai ushahidi wa miradi, uongozi na kujitolea, naye hana cheti zaidi ya vile vya shule.

Kabla ya vyeti, fungueni picha za simu yake. Vijana ninaowalea huku Arusha husema hawana kitu, kumbe kitalu cha miche kimo humo, na tarehe zake.

Chini ya kila picha aandike tatizo lilikuwa nini, yeye mwenyewe alifanya nini, kipi kikabadilika. "Nilikuwa kiongozi wa klabu ya mazingira" haimsaidii. "Nilipanga zamu za kumwagilia miche ya grevilea wakati wa kiangazi, asiyefika nikamtafutia mbadala" hapo uongozi unaonekana! Aandike mwenyewe, tafadhali msimwandikie.

Kwa kujitolea, kama kusafisha mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba) au kufundisha watoto kanisani, aombe barua fupi ya mwenyekiti wa kijiji au mchungaji, yenye muhuri na namba ya simu. Aiombe mapema, viongozi hawa husafiri. Picha zenye watoto, wazazi waridhie kwanza.

Nakala nyingine aitume kwenye barua pepe yake, simu huibwa.