Tangi la mafuta la gari kuukuu lina kutu: lisukutuliwe au likatwe?

SWALI: Nina Toyota Corolla AE100 ya petroli. Ilikaa uani kwa mzee miaka mitatu kabla sijaichukua. Asubuhi inawaka bila shida, ila nikitembea kama dakika ishirini inakosa nguvu, hasa mlimani, inashtukashtuka halafu inazima. Ikipumzika kidogo inawaka tena. Filta ya mafuta imebadilishwa mara mbili, na ya mwisho ilitoa mafuta ya kahawia. Fundi anataka tangi likatwe kwa welda, lisafishwe, kisha lichomelewe upya. Jirani anasema nimwage dawa ya kusafishia tangini niendelee na safari. Nimsikilize nani? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Hakuna wa kumsikiliza hapo ndugu yangu, na huyo wa welda mkimbie kabisa. Tangi lililokaushwa mafuta ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke. Mvuke wa petroli ukifika kama asilimia 1.4 tu ya hewa iliyomo, cheche moja inatosha, na mvuke huo hujificha kwenye kutu na maungio hata baada ya kuosha. Dawa ya jirani nayo haiyeyushi kutu. Itabandua gundi inayoachwa na petroli iliyochacha na kuipeleka yote kwenye pampu.

Dalili zako zinaelekeza kwenye kichujio kidogo cha wavu kilicho chini ya pampu, ndani ya tangi. Pampu inapovuta, kutu hunasa kwenye wavu mpaka mafuta yanapita kwa tabu. Ukizima, mvuto unakoma, uchafu unaachia na kuzama, gari linawaka. Ndiyo maana filta ya kule mbele kila ukiibadilisha hupati nafuu.

Hata hivyo hakikisha kwanza. Likizima tena, fungua kifuniko cha mafuta. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu na gari likawaka papo hapo, njia ya hewa ya tangi imeziba na kazi yako ni ndogo. Na kama lingekuwa linakata ghafla bila kushtukashtuka, ningekutuma kwenye koili inayopeleka umeme kwenye plagi, ambayo nayo ikichemka hukata na ikipoa hurudi.

Kulichungulia tangi la gari hili huhitaji kuliteremsha. Ng'oa kalio la kiti cha nyuma, utakuta kifuniko cha bati sakafuni na chini yake waya na mabomba ya pampu. Chomoa soketi ya pampu, washa injini uiache ijizimie yenyewe ili presha ishuke, kisha toa waya wa hasi wa betri. Kazi ifanyike nje, milango wazi, mbali na jiko la mama lishe. Tumia tochi. Ile balbu ya waya tunayoning'iniza chini ya magari ikianguka na kupasuka, imekuwa kiberiti.

Toa pampu, vuta mafuta ya chini kabisa, yatie kwenye chupa ya kioo na uyaache yatulie. Maji yatajitenga chini, kwa kuwa petroli ni nyepesi. Petroli iliyochacha hunuka vanishi na kuacha utando unaonata. Kutu hukaa chini kama unga mwekundu. Ukikuta maji tu, kausha tangi, badilisha kichujio, umemaliza. Kwako, kwa hayo mafuta ya kahawia, natarajia kutu, na hapo tangi lazima lishuke.

Likishashuka, lioshe kwa maji na sabuni ya vyombo mara kadhaa mpaka harufu ipungue. Kisha lijaze maji ya uvuguvugu yenye asidi ya sitriki, gramu 50 hadi 100 kwa kila lita, uliache usiku kucha. Usiweke asidi ya betri wala ile kali ya kusafishia vyoo. Hizo hula bati lenyewe. Watu hupenda kutikisa mnyororo au nati ndani, lakini matangi mengi yana kuta za kuzuia mafuta yasichezecheze, na nati ikinasa humo utaisikia ikigonga kila kona. Mwaga asidi, suuza kwa maji yenye baking soda, halafu maji safi, kisha kausha upesi kwa hewa ya kompresa. Ukililaza tangi na unyevu, kesho lina kutu jipya. Likikauka, zungushia petroli yenye oili kidogo.

Mabomba ya chuma yapulizwe yakiwa yamefunguliwa ncha zote mbili, kamwe usipulizie kuelekea kwenye nozeli zinazonyunyizia injini mafuta. Weka kichujio kipya cha pampu, filta mpya na washa (pete za kuziba maungio) zake mpya. Mpira wa kuziba pampu ununue mpya pia, usikubali upakwe silikoni ya gasketi: petroli huilainisha, ikamenyeka vipande, navyo vinaishia kwenye wavu uleule.

Kabla ya kuwasha, tia lita kumi, tandika gazeti chini, liache lilale. Gazeti likilowa kwenye maungio, tafuta tangi lingine la mtumba, nalo ulichungulie kwa tochi kabla hujalipa. Likiwa kavu, tembea, na baada ya kilomita kama 500 badilisha filta ya mbele mara moja zaidi, maana vumbi la kutu lililobaki huja taratibu.