Muulize Fundi: Kerneli ya studio imekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina studio ndogo hapa Tanga, narekodi taarab na kwaya. Laptopu yangu inatumia mfumo wa Ubuntu 24.04. Kijana mmoja alinisaidia kukompaili (kuijenga wenyewe kutoka msimbo wake) kerneli, yaani kiini cha mfumo, yenye PREEMPT_RT, mpangilio wa kuitikia kazi bila kuchelewa, tukaiita 6.12.30-studio, na tangu hapo nikawa narekodi kwa bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ndogo ya sampuli 64 bila mkwaruzo. Juzi usiku nimekubali masasisho. Asubuhi mwimbaji kakaa kwenye maiki, sauti inamrudia masikioni kwa kuchelewa, na fidla inapasukapasuka kama mahindi ya bisi. Masasisho yamefuta kerneli yangu! Nimeshauriwa nizime masasisho yote. Nifanye hivyo? — Mwenye studio, Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usizime kitu kwanza. Fungua terminali, andika ls /boot, halafu usome taratibu. Naweka dau la kahawa na kashata kwamba faili la kerneli yako, vmlinuz-6.12.30-studio, bado lipo palepale mlipoliacha. Sasa andika uname -a, uone kerneli iliyowashwa. Penye neno PREEMPT_RT utakuta PREEMPT_DYNAMIC, alama ya kerneli ya kawaida ya Ubuntu, na namba inaanza na 6.14. Maana yake kerneli yako haijafutwa. Imerukwa foleni.

Ubuntu huweka kila toleo jipya la kerneli kando ya lile la zamani, kwa jina lake lenyewe. Yako ina jina la peke yake, kwa hiyo apt, programu inayosakinisha masasisho, haina sababu ya kuigusa. Anayeamua nani awashwe ni GRUB, programu inayochagua kerneli mashine inapowaka, na GRUB hajui studio wala taarab: anapanga kwa namba, mwenye namba kubwa anakaa mbele. Ubuntu 24.04 ilitoka na 6.8, baadaye ikaja 6.11, na yako ya 6.12 ikawa inashinda. Agosti 2025 ikaingia 6.14. Kwa hiyo miezi yote ile hamkuwa mmeilinda kerneli yenu, ilikuwa na namba kubwa tu.

Dawa iko kwenye GRUB. Fungua faili hili:

sudo nano /etc/default/grub

Tafuta mstari wa GRUB_DEFAULT=0, ugeuze uwe GRUB_DEFAULT=saved. Hifadhi, toka, kisha andika hizi mbili:

sudo update-grub
sudo grub-set-default "Advanced options for Ubuntu>Ubuntu, with Linux 6.12.30-studio"

Hiyo alama ya > katikati usiiache, na pembeni yake usiweke nafasi. Jina lifanane herufi kwa herufi na lile unaloliona kwenye menyu ya GRUB. (Menyu ikijificha, bonyeza Esc mara laptopu inapowaka, mashine za zamani ni Shift.) Zima, washa, rudia uname -a. Ukiliona PREEMPT_RT, mwite mwimbaji.

Kuhusu ushauri wa kuzima masasisho: aliyekupa ana nia njema lakini anakuponza. Kivinjari chako, Wi-Fi yako, kila kitu kitabaki na matundu ya usalama. Ipo njia ya kuzuia kerneli peke yake, sudo apt-mark hold linux-generic-hwe-24.04, na wengi wanaikimbilia. Mimi kwako siipendi. Kerneli ya Ubuntu ndiyo tairi lako la spea. Siku ile ya -studio itakapogoma kuwaka, utaingia kwenye menyu, uchague ile nyingine, uendelee na kazi. Spea unaiacha ijazwe upepo, huifungii stoo.

Sasa, isije ikadhaniwa kwamba kerneli haifutwi kabisa popote. Mimi yalinikuta kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo, ya dukani. Nilinunua skrini ya kugusa ya bei ya kutupa, draiva yake (programu ya kuiendesha) haimo kwenye kerneli ya kawaida, nikakompaili yangu usiku kucha. Asubuhi nikainakili juu ya kernel8.img ndani ya /boot/firmware, nikajiona bingwa. Baada ya wiki tatu nikasasisha, skrini nyeusi tii. Kule faili lina jina moja lisilobadilika, na kifurushi cha masasisho kinaandika juu yake bila kuuliza. Kosa langu mwenyewe: nilihamia nyumba ya mtu halafu nikashangaa mwenyewe aliporudi. Nilikompaili upya kwa nyongeza ya jina, -duka, ili hata moduli (vipande vya kerneli vinavyopakiwa vikihitajika) zikae kwenye folda yake chini ya /lib/modules, nikaliita faili kernel-duka.img, nikaongeza mstari mmoja kwenye config.txt:

kernel=kernel-duka.img

Tangu siku hiyo masasisho yanaandika juu ya kernel8.img yatakavyo, skrini inawaka.

Turudi Tanga. Liko jambo moja ambalo kijana wako huenda hakukwambia. Kerneli ya Ubuntu inazibwa matundu na wenyewe, wewe unabonyeza tu. Ya -studio haizibwi na mtu. 6.12 ni toleo la kutunzwa muda mrefu, marekebisho yake yanatoka kila mara kwenye kernel.org, lakini ni lazima mtu ayashushe, akompaili tena, na abadilishe jina kwenye ile amri ya grub-set-default. Mkikompaili, wekeni INSTALL_MOD_STRIP=1 wakati wa kusakinisha moduli, la sivyo faili la initrd, linalosaidia mfumo kuwaka, linavimba na kujaza /boot. Kama laptopu ya studio haiingii intaneti zaidi ya kupeleka nyimbo, mara moja kwa miezi michache inatosha kwa maoni yangu. Kama ndiyo hiyohiyo unayofungulia benki, isizidi mwezi.

Namba ya simu ya huyo kijana usiipoteze.