Jibu: Mtu hujidanganyaje na ukweli anao?

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza vipi mtu ajidanganye nafsi yake ilhali mwongo lazima aujue ukweli. Freud, tabibu wa maradhi ya nafsi, aliigawa nafsi: upande mmoja huukandamiza ukweli, kama mlinzi wa mlangoni, mwengine hauna habari. Sartre, mwanafalsafa wa Kifaransa, mwaka 1943, alimkatalia: huyo mlinzi wa mlangoni atazuia vipi asichokijua?

Mie nipo na Sartre. Hapa mtaani kuna mama, mwanawe alikwenda Maskati, kimya miaka mingi. Mama huyo humuuliza kila mtu habari za mwanawe, ila kijana mmoja aliyerudi kutoka huko, mama humkwepa, hata njia hubadilisha. Angekuwa hajui kitu, angemkwepa kwa nini? Lakini kumwita mwongo siwezi, wallahi, na hapo Freud hunirudia: uchungu ule Sartre hakunitosheleza kuueleza.