Ndege wa Pugu: mbona twawasikia bila kuwaona?

SWALI: Mhariri, mwezi uliopita nilikwenda na wenzangu wawili kutazama ndege katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, Kisarawe. Tulitembea tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Sauti zilitoka kila upande, lakini ndege tuliowaona hawakufika kumi. Tulikosea wapi? Na je, inafaa kupiga sauti za ndege kwenye simu ili wasogee?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, saa nne mlikuwa mmekwisha kuchelewa, kwa kuwa joto la pwani likipanda ndege wengi hunyamaza na kujificha kivulini. Fikeni mapema kadiri mnavyoruhusiwa kuingia.

Hata hivyo, kilichowanyima zaidi ni kutembea. Msitu wa Pugu umefungamana, na majani makavu njiani hutangaza kila hatua kabla hamjafika. Chagueni mahali penye uwazi kidogo, au chini ya mkuyu uliozaa, msimame kimya nusu saa nzima. Tegeni sikio kwa mramba, yule ndege mweusi mwenye makelele, kwa sababu mara nyingi huandamana na ndege wadogo wanaokula wadudu, akidaka wale wanaokurupushwa majanini. Mkimsikia msimfuate; kundi likiwa linaelekea kwenu litapita juu ya vichwa vyenu, shore na chozi wakiwamo, na hapo ndipo darubini ya kukuza mara 8, ambayo huonesha eneo pana, hufaa kuliko ile kubwa inayotikisika mkononi.

Kuhusu simu, ninawasihi msifanye hivyo. Dume anayesikia sauti ya mwenzake hudhani amevamiwa, akaacha kulisha makinda ili aje kupigana na adui asiyekuwapo. Mfikirieni hondohondo, ambaye sauti yake mwaweza kuidhania kilio cha mtoto mchanga: jike hujifungia ndani ya shimo la mti mkubwa, mlango ukazibwa ukabaki ufa mwembamba, na kwa wiki nyingi dume ndiye humletea matunda, akimpitishia moja moja kwa ncha ya mdomo. Mkiona dume akirudi mara kwa mara kwenye shina lile lile, rudini nyuma hatua nyingi, mkae chini, mtazame kwa mbali.